RAMANI YA NYUKI NA TUICHORE WENYEWE

Hotuba ya Katibu Mwenezi wa Tawi mbele ya wanachama na wakereketwa, Mchikichini, Dar es Salaam



Nimepewa nusu saa. Wengine wenu mlipoona ubaoni kwamba nitasema habari za nyuki mlicheka. Ndugu mmoja aliniuliza pale mlangoni, “Mwalimu, tumekwisha maneno ya bei ya unga, sasa twaingia katika nyuki?” Sikumjibu pale mlangoni. Namjibu sasa, na jibu langu ndilo hotuba yenyewe.

Nataka kuwaomba jambo moja tu. Naomba tawi hili lichore ramani ya nyuki: nyuki wako wapi, mizinga ya wanachama wetu iko wapi, na ni miti gani na maua gani yanayowalisha. Tena naomba ramani hiyo tuichore kwa mikono yetu na kuiandika kwa majina yetu. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza namna ya kuifanya kazi.

MAJINA YA MITI

Mtaa wetu waitwa Mchikichini, yaani mahali penye mchikichi, mti utoao mawese. Jirani yetu Kariakoo hakupata jina lake kwa mti. Lile ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, nasi tukalitamka tulivyoweza. Lakini sikilizeni majina mengine ya mji huu: Mnazi Mmoja, Mtaa wa Mkunguni, Mwembechai, Mkwajuni, Mikocheni, Mbuyuni, Mzambarauni. Wazee waliotutangulia hawakuhitaji karatasi. Waliuchora mji kwa miti yake, na kila mgeni aliyeuliza njia alisomewa ramani hiyo.

Sasa namwomba mtu yeyote aliyemo humu anionyeshe mchikichi wa Mchikichini. (Kicheko.)

Mwacheka, lakini jambo hili si dogo. Mnazi, mwembe, mkungu, mkwaju, mzambarau na mkoche, yote hii ni malisho ya nyuki. Hata mchikichi wenyewe huwapa chavua. Kwa hiyo majina ya mitaa yetu ni orodha ya zamani ya vyakula vya nyuki. Jina limebaki, mti umekwenda, na hakuna aliyeandika ulikatwa lini wala na nani.

MOTO NYUMA YA VIBANDA

Mnakumbuka mwaka jana, mwezi wa tisa, kundi la nyuki lilipotua katika mkungu ulio nyuma ya vibanda vya mafundi cherehani. Walining’inia katika tawi, wamefungamana kama kikapu. Hawakumuuma mtu. Jioni wakaja vijana wawili na dumu la petroli na tairi la gari. Mnajua yaliyofuata. Nyuki wengi waliungua, na waliobaki wakashuka kwa hasira. Watoto wanne waliumwa, na mama muuza chipsi alivimba uso siku tatu. Nusu ya mkungu ikawa makaa, na moto ukafika hatua chache kutoka kwenye marobota ya vitambaa.

Mimi nasema na watu wa Mchikichini. Hakuna haja ya kuwaeleza moto ni kitu gani. Mliona soko kuu la Kariakoo likiungua mwezi wa Julai 2021. Haikupita hata miezi saba, Januari 2022, soko la Karume likateketea hapa hapa kwetu, na mtaji wa watu wengi ukawa majivu kwa usiku mmoja. Je, tulipata wapi ushujaa wa kuwasha petroli karibu na vibanda?

Tuliupata katika kutojua. Kundi linalohama hupumzika mahali kwa saa kadhaa, au siku moja mbili, huku wapelelezi wake wakitafuta nyumba. Wakishaipata, kundi zima huondoka. Wakati ule nyuki hawana asali wala watoto wa kulinda, na kwa kawaida huwa wapole kuliko nyuki wa mzingani. Laiti tungeliwafunga watoto ndani na kuwaita watu wenye moshi na mavazi, pengine mambo yangelikwisha kwa salama. Lakini siku ile nani alijua nyuki wale wametoka wapi? Nani alijua kata yetu ina viota vingapi katika mapaa na mashimo ya miti? Nani alijua ni mrina asali gani anayekaa karibu? Hakuna. Kila mmoja alikuwa na kelele yake, na ramani haikuwapo.

RAMANI ILIYOZIKWA

Niruhusuni niseme la kwetu nyumbani. Mimi nimezaliwa Mkoa wa Tabora. Baba yangu mkubwa alikuwa mrina asali, naye alikuwa na mizinga mia na arobaini ya magome, iliyotundikwa katika miombo mwendo wa siku nzima kwa baiskeli. Hakupata kusoma. Lakini alijua kila mzinga uko katika mti gani na njia gani yafika. Alijua mtundu ukianza kutoa majani mekundu maua yake hayako mbali. Alijua bonde lipi lina maji hata kiangazi, na nyuki wa bonde hilo hawahami. Alikuwa akitazama vichipukizi tu kisha asema, “Mwaka huu huku hakuna kitu, nitahamisha mizinga ishirini.” Naye hakukosea mara nyingi.

Alifariki nilipokuwa chuoni kusomea ualimu. Nilirudi likizo, mimi na binamu zangu tukaingia porini kuitafuta mizinga. Tulikaa siku tisa. Tuliona thelathini na mmoja. Iliyobaki, mia na tisa, iko huko hadi leo ikiwa haijaoza, na hakuna mtu duniani anayejua ilipo. Tulimzika mzee, tukaizika na ramani yake.

Halikuisha hapo. Baada ya miaka miwili sehemu ya pori lile ilifyekwa na mtu mwenye shamba la tumbaku, na ninyi mnajua tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni. Tukaenda kudai. Karani akatuuliza kwa upole kabisa, “Mizinga yenu ilikuwa mingapi? Ilikuwa wapi? Andiko liko wapi?” Tulikuwa watu sita wazima, na hakuna aliyefungua kinywa. Tulirudi nyumbani mikono mitupu. Tangu siku ile nimejifunza kwamba kitu ambacho hakikuandikwa, mbele ya meza ya karani hakikupata kuwako.

NYUKI NAYE ANA RAMANI

Sasa tumtazame nyuki mwenyewe, maana yeye ametushinda katika jambo hili.

Mtaalamu mmoja wa Austria, Karl von Frisch, aliwachungulia nyuki miaka mingi, na katika miaka ya 1940 alifumbua maana ya ngoma wanayocheza ndani ya mzinga. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, pamoja na wenzake wawili. Aliona kwamba nyuki aliyepata maua hurudi nyumbani na kuwachezea wenzake juu ya sega, akitikisa mkia na kwenda mbele kwa mstari, kisha huzunguka na kuanza tena. Mstari ule ndio njia. Muda wa kutikisa mkia ndio mwendo: maua yakiwa mbali, hutikisa kwa muda mrefu zaidi.

Nitachora ubaoni. Sega husimama wima kama ukuta, na humo mzingani ni giza. Kwa hiyo nyuki wamepatana kwamba upande wa juu usimame badala ya jua. Tuseme ni saa tatu asubuhi, jua liko upande wa bandarini, na mzinga uko hapa Mchikichini. Nyuki akicheza akielekea juu, awaambia wenzake, “Lifuateni jua, mtafika Mnazi Mmoja.” Akielekea chini asema, “Lipeni jua kisogo, nendeni upande wa Buguruni.” Akielekea kushoto asema, “Jua liwe kuliani mwenu, maua yako Jangwani.” Na wenzake huenda, hufika.

Ndugu zangu, hakuna nyuki aliyepata mwembe uliochanua akaificha habari. Ramani yake ni mali ya mzinga mzima. Angefanya kama alivyofanya baba yangu mkubwa, mzinga ungekufa pamoja naye, maana mtenda kazi haishi zaidi ya majuma machache.

Hata ndege aitwaye mlembe humwita mtu na kumwongoza hadi penye nyuki, kisha hungoja fungu lake la nta. Utafiti uliofanywa miongoni mwa ndugu zetu Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, uliotangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wakiongozwa na ndege huyu wanaviona viota vya nyuki kwa wingi zaidi kwa asilimia 560. Kwa hiyo ndege na nyuki wanapashana habari. Sisi wenye kalamu twashindwa nini?

NANI ALIYETUPIMA?

Mji huu umekwisha pimwa mara nyingi. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliugawa katika sehemu tatu: ya kwanza ya Wazungu, ya pili ya biashara ambayo wengi wake walikuwa Wahindi, na ya tatu ya Waafrika, ndiyo Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili uwe mpaka kati yetu na wengine. Ile nayo ilikuwa ramani. Ilichorwa na mtu aliyejua anachotaka, na aliyepangwa ndani yake hakuulizwa.

Nyuki wetu nao walipimwa. Idara ya nyuki ya serikali ya kikoloni ilikuwa na mtaalamu mmoja, F. G. Smith, mtu wa bidii. Aliandika tasnifu nzima juu ya mimea ya nyuki wa Tanganyika, na mwaka 1956 aliipeleka Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti. Mwaka 1961 alitangaza kwamba nyuki wa nchi hii hawakuwa aina moja. Alimpa nyuki wa pwani jina la Kilatini, littorea, yaani wa ufukweni, na nyuki wa milimani akamwita monticola. Nyuki wa nyika tayari alikuwa na jina, scutellata. Simlaumu bwana yule hata kidogo, kazi yake ilikuwa njema. Nauliza swali moja tu: ni warina asali wangapi wa Tabora walioisoma tasnifu ya Aberdeen?

Elimu ya miti ilikuwa ya warina asali. Maandishi yalikuwa ya wengine. Baba yangu mkubwa alikuwa na elimu bila maandishi, na maktaba ya ng’ambo ina maandishi yasiyomfikia mwenye mzinga. Tukiviunganisha hivi viwili, tutakuwa tumefanya kazi.

KAZI YENYEWE

Napendekeza tuchore karatasi tatu.

Karatasi ya kwanza ni ya viota. Kila balozi wa nyumba kumi aulize watu wake: nyuki wako wapi? Katika paa, katika ukuta, katika nguzo, katika shimo la mti? Waliingia lini? Wako karibu na mlango, na shule, na njia ya watu? Viota vya hatari vitajulikana mapema, na afisa nyuki wa wilaya tutampelekea orodha kabla mtu hajaleta petroli.

Karatasi ya pili ni ya malisho, na hii ndiyo kubwa. Nyuki huruka kilomita tatu kutafuta chakula, na akibanwa na njaa huenda mbali zaidi. Chukueni ramani ya mji, wekeni bikari hapa kwenye tawi, zungusheni mduara wa kilomita tatu. Ndani yake mna kilomita za mraba kama 28. Mna Kariakoo yote, Mnazi Mmoja, Muhimbili, Jangwani, Magomeni, Buguruni na Bonde la Msimbazi. Mbele kidogo, mto unapoingia baharini karibu na Daraja la Salenda, kuna mikoko, na humo mna mti uitwao mchu ambao maua yake nyuki huyapenda sana.

Kila kijana atapewa njia yake. Ataipita mara moja kila juma, saa ile ile ya asubuhi, muda wa mwaka mzima. Atakuwa na daftari lenye safu sita: tarehe, mahali, jina la mti au jani kwa lugha anayoijua mwenyewe, umechanua au la, nyuki aliowahesabu kwa dakika tano, na walichokuwa wakichukua. Hilo la mwisho si gumu. Nyuki mwenye vifurushi vya rangi katika miguu ya nyuma amebeba chavua. Aliyetumbukiza kichwa ndani ya ua na miguu yake ni mitupu yuko katika mbochi, yaani maji matamu ya ua. Mwenye simu iwezayo kupima mahali na aandike namba zake. Asiye na simu na aandike, “Nyuma ya msikiti, mwarobaini wa pili.” Zote mbili ni ramani.

Msidharau majani madogo. Mbigili inayochoma miguu ya watoto uwanjani ina ua la njano, na nyuki hulipenda. Maua ya maboga bondeni, mpapai wa uani, mlonge wa mama fulani, vyote viandikwe. Mti usiojulikana jina, kateni kijitawi chenye ua, kikausheni ndani ya gazeti, nasi tutakipeleka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wamehifadhi mimea iliyokaushwa na wataalamu wake watatutajia.

Mwisho wa mwaka tutakuwa na kalenda. Yako mambo tunayoyajua tayari: mnazi huchanua mwaka mzima bila kupumzika, mwembe huanza wakati wa baridi, yapata Juni hadi Agosti, mkorosho wa Kisarawe na Mkuranga hufuata karibu na hapo, mkrismasi huwaka mwekundu mwisho wa mwaka, ndiyo maana ukapewa jina hilo. Kalenda itatuonyesha ni miezi ipi nyuki wanashiba na ni miezi ipi wanalala njaa, na mti gani mmoja, ukikatwa, utaacha mwezi mzima bila chakula.

Karatasi ya tatu ni ya wanachama wenye mizinga nje ya mji. Humu ndani naona watu wa Kisarawe, wa Rufiji, wa Singida na wa kwetu Tabora. Wengi mna manzuki nyumbani, au wazee wenu wanayo. Nendeni mkawaulize wakiwa hai. Ulizeni kila mzinga uko wapi, unategemea mti gani, mpaka wa pori uko wapi. Andikeni. Msingoje msiba ndipo mwingie porini siku tisa.

WASIWASI WENU

Mtu aweza kusema, “Mwalimu, nyuki wetu ni wakali, wataua watoto.” Kweli ni wakali, nami sisemi mtu aweke mzinga Mchikichini. Mahali penye watu waliobanana hivi si mahali pa manzuki, na mzinga wapaswa kuwa mbali na nyumba, shule na njia. Lakini nyuki tayari wako humu, tupende tusipende. Ramani haimleti nyuki. Yatuambia alipo.

Mwingine atasema, “Hiyo ni kazi ya serikali.” Serikali imefanya sehemu yake. Kuna Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998, na kuna Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, inayotambua hifadhi za nyuki, hata hifadhi ya kijiji. Lakini kijiji kitaombaje hifadhi ikiwa hakijui mpaka wake wala miti yake? Sheria ni mlango. Mwenye kuingia ni mtu mwenye karatasi mkononi.

Wa tatu ni mama mmoja aliyenishinda kwa hoja nilipokuwa nikiitembeza habari hii nyumba kwa nyumba. Alisema, “Mwanangu, ukiandika mizinga ya mume wangu iko wapi, umemwandikia mwizi.” Nilikaa kimya, kwa maana alisema kweli. Baadaye nimetafuta jibu, nalo ni hili. Ramani ya ukutani itaonyesha malisho yote, lakini mizinga itaonyeshwa kwa kijiji tu. Mahali penyewe pataandikwa katika daftari lenye nakala mbili, moja ya mwenye mizinga, moja katika kasha la tawi chini ya funguo mbili, wa mwenyekiti na wa katibu. Hakuna atakayefungua bila idhini ya mwenyewe. Mama yule yumo humu leo. Akiona jibu halitoshi na asimame aseme.

(Hapo mama mmoja alisimama akauliza kama katibu akihamishwa funguo utabaki kwa nani. Ikakubaliwa kwamba funguo zitakabidhiwa mbele ya kikao na kuandikwa.)

RAMANI YA KUTUMIA

Ramani ya kutundika ukutani kwa uzuri sitaki. Nitataja matumizi matatu.

La kwanza ni Bonde la Msimbazi. Mnajua mafuriko yaliyotutesa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha nchi yetu dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde lile, na katika mipango yake mna bustani kubwa ya mji. Bustani maana yake miti. Miti gani? Tukienda mkutanoni na maneno matupu, watapanda wapendavyo. Tukienda na kalenda ya mwaka mzima tutasema, “Mwezi fulani nyuki wana njaa, pandeni mti fulani unaochanua mwezi huo. Mikoko ya mlangoni mwa mto isiguswe, na tazameni, hapa pana hesabu ya nyuki tuliowaona.” Mtu wa namna hiyo husikilizwa.

La pili ni sumu. Nyuki hukusanya chakula chake katika eneo kubwa, na sumu iliyonyunyizwa mahali pamoja humfikia. Anayenyunyiza dawa juu ya maua saa nne asubuhi huwaua wakiwa kazini. Akingoja jioni wakisharudi nyumbani, wengi hupona. Lakini twamwambia nani na saa ngapi, ikiwa hatujui maua yako wapi? Na msidhani hasara ni ya mwenye mzinga peke yake. Tikiti maji, tango na boga huhitaji mdudu abebe chavua kutoka ua la kiume hadi ua la kike. Bila yeye ua huanguka na tunda halipatikani. Vikapu vinavyoshushwa Kariakoo alfajiri vina jasho la nyuki ndani yake.

La tatu ni bei ya asali. Nenda sokoni leo, utaona madumu na chupa, kila muuzaji aapa kwamba asali yake ya Tabora. Mmoja asema kweli, mwingine amechemsha sukari. Mnunuzi hajui, basi huwapa wote bei ya mwongo. Aliyeumizwa ni yule wa kweli. Sasa jueni hili: kila mmea una chavua yenye umbo lake, nayo hubaki ndani ya asali. Mtaalamu akitazama tone kwa hadubini aweza kusema asali ilitokana na mimea gani. Lakini yampasa awe na orodha ya mimea ya mahali hapo ili alinganishe. Orodha hiyo ndiyo karatasi yetu ya tatu. Huko Ulaya mwaka 2024 walibadili sheria, ili asali iliyochanganywa ionyeshe kila nchi ilikotoka na kwa asilimia ngapi. Dunia yauliza, “Asali hii ya wapi?” Tanzania inahesabiwa katika nchi zinazoongoza kwa asali barani Afrika, baada ya Ethiopia. Itakuwa aibu swali hilo likishindwa kujibiwa na mtoto wa mrina asali.

TUANZE JUMAPILI

Ndugu zangu, siwaombi fedha. Naomba madaftari kumi na mawili, penseli, na vijana kumi na wawili wenye miguu. Bwana Mwenyekiti ameahidi karatasi kubwa ya ramani. Mimi nitafundisha namna ya kujaza safu sita, kazi ya saa moja tu. Wazee naomba mje nanyi, kwa kuwa vijana wetu wengi hawajui kutofautisha mkungu na mzambarau. Kila kijana na apewe mzee mmoja. Kijana ataandika, mzee atataja.

Tutakutana hapa Jumapili, saa mbili asubuhi, na tutaanzia pale pale nyuma ya vibanda vya mafundi. Ule mkungu ulioungua haukufa. Nimeupita jana. Upande mmoja ni mkaa, lakini upande wa pili umechipua. Huo utakuwa namba moja katika daftari letu.

Na yule ndugu aliyeniuliza mlangoni kwa nini twaingia katika nyuki, natumaini nimemjibu. Kama sikumjibu, na awe wa kwanza kuchukua daftari, ajibiwe na nyuki wenyewe. (Kicheko na makofi.)